Kigae Cheusi na Umeme Usiochoka

Wakubwa wangu, shikamooni. Vijana, nimeshaitikia marahaba kabla hamjaniamkia, maana naitrojeni yangu inachemka na haina subira.

Hapa mezani nina kikombe cha povu gumu, lile wanalofungia televisheni mpya isivunjike njiani. Ndani yake nimelaza kigae cheusi, duara, kinachokizidi kisoda kidogo tu kwa upana. Mkikiona barabarani mtakipiga teke. Mtadhani ni kipande cha chungu kilichoungua. Sasa nakimwagia naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sikilizeni inavyokaanga. Kelele zikitulia, ujue kigae kimepoa sawasawa na kimiminika chenyewe. Haya, zimetulia. Nachukua kisumaku hiki, nakiachia juu yake.

Kimeelea. Hakuna uzi, hakuna gundi. Nikikigusa kwa kijiti kinazunguka hapohapo hewani, na kitaendelea kuzunguka, kwa sababu hakuna cha kukikwaza ila hewa. Mliokaa nyuma mtakuja kukitazama tukimaliza. Mwanangu uliye karibu na mtungi, nakupa kazi moja: ukiona kikombe kinakauka, ongeza. Usitie kidole.

Kigae hiki kimetengenezwa kwa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Ni wa ukoo unaoitwa kuprati, yaani oksidi (misombo ya oksijeni) zenye shaba, na ukoo huo ndio ulionileta mbele yenu. Kuna supakondakta za koo nyingine, na baadhi yake nitazitaja nikipita, lakini sitawaficha upendeleo wangu.

Kwanza neno lenyewe. Waya wa kawaida hutoza ushuru. Elektroni zikipita ndani yake hugongana na atomi zinazotetemeka na uchafu uliomo, na kila mgongano hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Kwenye pasi joto hilo tunalitaka. Kwenye nyaya za umeme zinazovuka nchi ni hasara tupu. Ushuru huo ndio ukinzani. Supakondakta ni kitu ambacho kikipoozwa chini ya kiwango chake cha halijoto, ukinzani unakwisha. Sikusema unapungua. Watu wameanzisha mkondo katika pete ya supakondakta, wakaondoa chanzo cha umeme, wakaupima kwa miaka, na hawakuona dalili ya kuchoka. Juu ya hayo, supakondakta huufukuza uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyotanda, utoke ndani mwake, jambo ambalo Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waliligundua Berlin mwaka 1933. Hiyo ni sababu moja ya kisumaku hiki kuelea. Iko ya pili, nitaifikia.

Ugunduzi wa kwanza ni wa mwaka 1911. Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, alikuwa mtu wa kwanza kuifanya heliamu iwe kimiminika, mwaka 1908, na kwa miaka mingi hakuna maabara nyingine iliyokuwa na baridi kama yake. Walipoipoza zebaki, msaidizi wake Gilles Holst akiwa kwenye vipimo, ukinzani ulitoweka ghafla karibu na kelvini 4.2. Nawaomba mzizoee kelvini jioni hii. Zinaanza kuhesabiwa kutoka baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea, na kwa hiyo kelvini 4 ni baridi ambayo hata ile ya anga tupu kati ya nyota na nyota inaizidi ukali kidogo tu.

Baada ya zebaki ikaja risasi, kelvini 7. Niobiamu, kelvini 9. Mwaka 1954 niobiamu na bati, kelvini 18. Mwaka 1973 niobiamu na jemaniamu, kelvini 23. Pigeni hesabu: miaka 62, kelvini 19. Haifiki hata theluthi moja ya kelvini kwa mwaka, konokono angewapita. Na baada ya 1973 hata mwendo huo wa konokono ulikwama.

Wakati huohuo nadharia ilikuwa imekamilika, au ndivyo ilivyodhaniwa. Mwaka 1957 John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walieleza kwamba elektroni, ambazo kwa desturi husukumana, zinaweza kushikana mbilimbili zikisaidiwa na mitetemo ya atomi zinazozizunguka, na jozi hizo zote zikatembea kama kitu kimoja kisichoweza kukwazwa na kokoto moja moja. Ni nadharia nzuri, na walipewa Nobel yake mwaka 1972. Lakini watu waliisoma wakaona ndani yake dari: kelvini 30 hivi, basi. Hayo yalikuwa makadirio, na makadirio yakirudiwa sana madarasani hugeuka kuwa sheria.

Palikuwa pia na kanuni za wawindaji. Bernd Matthias, aliyevumbua supakondakta nyingi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, anakumbukwa kwa miongozo ya kutafuta mpya: kaa mbali na oksijeni, kaa mbali na sumaku, kaa mbali na vihami, yaani vitu visivyopitisha umeme, na, kwa utani, kaa mbali na wanafizikia wa nadharia. Sasa kitazameni tena kigae changu. Kimejaa oksijeni. Jamaa zake wa karibu wana usumaku ndani yao. Mzazi wake ni kihami. Kimevunja miiko mitatu kati ya minne, na kuhusu ule wa nne nitaachia wenyewe wajitetee.

Aliyekwenda kuwinda kwenye mwiko alikuwa Karl Alex Müller, katika maabara ya utafiti ya kampuni ya kompyuta ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zürich, Uswisi. Alikuwa amekwisha kuwa mtafiti wa heshima, mwenye ruhusa ya kufuata anachokitaka, na oksidi alizijua kama mtu anavyozijua kona za nyumba aliyozaliwa. Oksidi chache zilizo supakondakta zilikuwa zimeshaonekana, ya juu kabisa ikiwa kelvini 13 hivi. Akamshirikisha kijana aitwaye Johannes Georg Bednorz, aliyekuwa na kazi zake nyingine za kufanya. Kwa hiyo hawakutangaza. Walianza mwaka 1983 na oksidi za nikeli na lanthanamu, wakichanganya, wakichoma, wakipoza, wakipima, wakipata patupu. Miaka miwili na ushei ya patupu! Huwa najiuliza ni wangapi wetu tungeruhusiwa miaka miwili ya patupu siku hizi, tukiwa na ripoti ya kuandika kila robo mwaka.

Kisha Bednorz akiwa maktabani akakutana na makala ya wanakemia wa Caen, Ufaransa, akina Claude Michel na Bernard Raveau, kuhusu oksidi ya bariamu, lanthanamu na shaba. Wafaransa walikuwa wakitazama matumizi mengine. Waliona tu kwamba inapitisha umeme vizuri kwa namna isiyo ya kawaida. Hawakuipoza vya kutosha. Sisemi hivi kuwacheka. Kila mmoja wetu amewahi kuketi juu ya sanduku akitafuta ufunguo wake.

Januari 1986 Bednorz aliipoza. Ukinzani ulianza kuporomoka, na kwa kubadili viwango vya mchanganyiko wakaona mporomoko ukianzia karibu na kelvini 35. Rekodi iliyosimama miaka 13 ilikuwa imepitwa kwa kelvini zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Kilichonifanya niwaheshimu hasa ni jinsi walivyoandika. Makala waliyoipeleka Aprili kwenye jarida la Kijerumani la fizikia ilianza kichwa chake kwa neno la tahadhari: huenda. Walikuwa bado hawajapima kufukuzwa kwa uga wa sumaku, na bila kipimo hicho mtu anaweza kudanganywa na waya ulioguswa vibaya. Wakasema huenda, wakaenda kutafuta kifaa cha kupimia, wakapima, ikawa kweli.

Ilipochapishwa, wengi hawakuishughulikia. Kundi la Shoji Tanaka wa Chuo Kikuu cha Tokyo liliijaribu na mwishoni mwa 1986 likathibitisha. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Huko Houston, Marekani, Ching-Wu Chu, anayejulikana zaidi kama Paul Chu, aliiminya oksidi hiyo kwa mgandamizo mkubwa, akaona kiwango kinapanda. Akawaza: nikiweka atomi ndogo zaidi mahali pa zile kubwa, si nitakuwa nimeiminya kutoka ndani? Bariamu nafasi yake ikachukuliwa na strontiamu. Kisha lanthanamu ikatolewa, ikaingia itriamu. Jaribio hilo la itriamu lilifanyika mwishoni mwa Januari 1987 huko Huntsville, Alabama, kwa Maw-Kuen Wu, aliyekuwa mwanafunzi wa Chu hapo zamani, pamoja na wanafunzi wake. Kelvini 93.

Nisipowaeleza maana ya 93 nitakuwa nimewasimulia mbio za farasi bila kutaja utepe wa mwisho. Naitrojeni huchemka kwenye kelvini 77. Chini ya hapo kwa kawaida palihitajika heliamu, ambayo ni adimu, ghali, inavuja penye ufa wowote, na ikitoroka haikamatiki. Naitrojeni ni zaidi ya robo tatu ya hewa tunayoivuta humu ndani. Kitu kinachofanya kazi kwenye 93 kinaweza kupoozwa kwa hewa. Ndiyo maana mimi, mtu mzima asiye na maabara ya heliamu, nimekuja hapa na mtungi mmoja na kikombe cha povu.

Kuna kisa kidogo cha wakati huo kinachopendwa sana na wanafizikia. Katika muswada ambao Chu na Wu waliupeleka jaridani, alama ya itriamu, Y, ilikuwa imeandikwa Yb, ambayo ni alama ya itabiamu. Chu alisema ni kosa la uchapaji, na lilisahihishwa dakika za mwisho kabla ya makala kutoka tarehe 2 Machi. Lakini minong'ono ya itabiamu ilikuwa imeshasambaa hadi maabara nyingine kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuisoma makala yenyewe. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja na herufi moja ya ziada. Kinachonichekesha zaidi ni kwamba, baadaye, ikaonekana hata itabiamu inafaa; ukiiweka mahali pa itriamu unapata supakondakta ya karibu kelvini 90. Beijing nako, kundi la Zhao Zhongxian lilifika kwenye itriamu mwezi Februari kwa njia yake.

Tarehe 18 Machi 1987, kwenye mkutano wa wanafizikia katika hoteli moja ya New York, watu karibu 2,000 walijazana ukumbini na kwenye korido kusikiliza mada 51, kila msemaji dakika tano. Walianza saa moja na nusu usiku, wakamaliza saa tisa na robo. Miezi michache baadaye, Oktoba, Bednorz na Müller wakatajwa washindi wa Nobel ya mwaka huohuo. Kutoka kipimo cha kwanza hadi tuzo haikufika miaka miwili.

Mwaka 1988 zikaja za bismathi kutoka kwa Hiroshi Maeda huko Tsukuba, Japani, zaidi ya kelvini 100, na za thaliamu kutoka Arkansas, zaidi ya 120. Mwaka 1993, Zürich tena, ile ya zebaki: 133. Zebaki ileile iliyoanzisha yote 1911, safari hii ikiwa imekaa katikati ya shaba na oksijeni. Ikiminywa vikali hupita 160. Hakuna ukoo mwingine uliofikia 133 katika mgandamizo wa kawaida.

Mwanangu, kikombe. Asante.

Ngoja niwape la kwangu, nipumzike kidogo na majina ya watu wakubwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilichoma kigae changu cha kwanza. Mapishi yenyewe hayana siri: unapima oksidi ya itriamu, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba, unatwanga kwenye kinu kidogo cha maabara mpaka mkono uume, unatia jokoni kwenye nyuzi 900 na ushei kwa saa nyingi, unatoa, unatwanga tena, unachoma tena. Nilifungua joko asubuhi nikiwa nimevaa shati la kupigia picha. Kigae kilikuwa cha kijani. Nilikuwa nimekosea vipimo, nikapata oksidi nyingine ya vitu vilevile, isiyopitisha umeme kabisa. Mwalimu wangu alikitazama, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia kwamba hata sampuli ya kwanza ya Huntsville ilikuwa mchanganyiko wa kijani na nyeusi, na supakondakta ilikuwa ile nyeusi. Uwiano sahihi, itriamu moja, bariamu mbili, shaba tatu, ulikuja kujulikana wiki chache baadaye. Kigae changu cha pili kilitoka cheusi, na bado hakikuelea. Nilikuwa nimekipoza haraka mno. Lazima kishuke polepole ndani ya oksijeni, kiivute. Kikiwa na atomi karibu saba za oksijeni kwa kila itriamu moja, ni supakondakta. Kikibaki na sita, ni kihami. Atomi moja tu katika kumi na tatu!

Atomi hiyo moja ndiyo mlango wa kuingilia ndani ya kuprati, kwa hiyo tuingie.

Kuprati zote, hata zikiwa na majina marefu ya kuvunja ulimi, zina sakafu moja: tabaka tambarare la shaba na oksijeni, lililopangwa miraba miraba kama ubao wa drafti. Shaba kwenye pembe, oksijeni katikati ya kila ukingo. Vitu vingine, itriamu, bariamu, bismathi, zebaki, vinakaa kati ya sakafu na sakafu, kama kuta na dari. Umeme unapita sakafuni.

Sasa tazameni viti vya ukumbi huu. Chukulieni kila kiti ni atomi ya shaba, na kila kiti kina mtu mmoja, elektroni moja. Katika kuprati mzazi, kabla hatujaondoa elektroni yoyote, hakuna elektroni inayokubali kukaliana na mwenzake, zinachukiana mno. Kila kiti kina mtu, hakuna pa kusogea, ukumbi mzima umeganda. Hicho ndicho kihami chetu. Juu ya kuganda, kila elektroni inaielekeza sumaku yake ndogo kinyume na jirani: huyu juu, huyu chini, huyu juu. Sasa watoeni watu kadhaa. Wakitoka watano katika mia, mpangilio wa sumaku unavurugika na watu wanaanza kuhama viti. Wakitoka kumi na sita hivi katika mia, ukinzani hutoweka kwenye kiwango cha juu kabisa. Wakizidi sana, sifa inafifia, na kitu kinageuka kuwa metali ya kawaida. Katika kigae changu, kazi ya kuwatoa watu vitini inafanywa na ile oksijeni ya saba.

Kwamba elektroni zinashikana mbilimbili hata humu, hilo linajulikana. Mwaka 1993 na 1994 watafiti wa Illinois na wa IBM walionyesha kwa vipimo vya ustadi kwamba jozi hizi zina umbo tofauti na zile za metali za zamani: badala ya kuwa sawa pande zote, zina mabawa manne kama ua la petali nne, na alama inageuka, chanya kisha hasi, kutoka petali moja hadi inayofuata. Lakini nini kinachozishikanisha? Mitetemo ya atomi peke yake haionekani kutosha. Wengi wanaelekeza kidole kwenye masalia ya ule mpangilio wa sumaku. Na hata kabla ya kupoozwa kuna vioja: ukinzani unapanda sawasawa na halijoto, mstari ulionyooka kama rula, kwa namna ambayo nadharia ya metali haikuitarajia. Miaka karibu arobaini, makala kwa makumi ya maelfu, na hakuna maelezo ambayo wataalamu wote wameyakubali. Mimi nimehudhuria mikutano ambapo watu wazima wenye mvi waligombana kuhusu jambo hili mpaka chai ikapoa. Hata wazo lililomwongoza Müller kuifuata shaba, kuhusu jinsi atomi zake zinavyoupinda mpangilio wa oksijeni unaozizunguka, wengi hawalichukui leo kuwa ndilo jibu. Alipiga mshale kwa sababu yake, ukampata mnyama kwa sababu nyingine.

Turudi duniani. Mwaka 1987 magazeti yaliahidi treni zinazoelea kila mahali, nyaya za umeme zisizopoteza hata wati moja, kompyuta za ajabu, yote ndani ya miaka michache. Waandishi hawakuwa na kosa; wanasayansi wenyewe walikuwa wamelewa. Kitu kimoja kilisahaulika, nacho kinaonekana kwa macho. Hiki ni kigae. Jaribu kukizungushia mti kama waya. Kinakatika.

Na kuvunjika ndiyo tatizo dogo. Kigae kimejengwa kwa punje nyingi ndogo, kila punje ni fuwele yenye sakafu zake zimeelekea upande wake. Mwaka 1988 watafiti wa IBM walipima mkondo unaovuka kutoka punje moja hadi jirani, wakakuta kwamba punje zikipishana kwa nyuzi kumi tu hivi za pembe, mkondo unaoweza kupita unaanguka vibaya, na kila ukizidisha pembe unazidi kuanguka. Kumbe kilomita moja ya waya ilihitaji punje zake zote zisimame mstari mmoja, kama gwaride. Kauri, kwa kilomita, kama gwaride!

Kwa kuprati za bismathi walipata ujanja. Tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kama za ulanga, yale madini ya matabaka membamba. Basi walijaza unga wake kwenye mrija wa fedha, wakauvuta mwembamba, wakaukanda bapa kwa rola, na kwa kukandwa punje zikalala zenyewe upande mmoja, ndipo wakauchoma. Samaki mkunje angali mbichi. Fedha ilichaguliwa kwa sababu ikiwa jokoni huiruhusu oksijeni kupita. Waya huo ulifanya kazi, lakini mkiwaza ni fedha kiasi gani imo ndani yake mtaelewa kwa nini haukujaa duniani.

Itriamu haikubali kukandwa. Kwa hiyo wahandisi walifanya kinyume: hawakutengeneza waya wa kauri, walitengeneza utepe wa metali na kuuotesha kauri juu yake. Utepe ni aloi ya nikeli, mwembamba, unakunjika. Juu yake wanaweka tabaka za oksidi zilizopangwa kwa miale ya ioni au kwa namna nyingine ili ziwe na uelekeo mmoja, na juu ya hizo inaota kuprati, ikiiga mpangilio wa chini yake, unene wa maikromita moja au mbili tu, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kutoka vipande vya sentimita hadi bidhaa ya kununuliwa kwa roli. Ninacho kipande hapa, kipitisheni mkono kwa mkono. Upana ni milimita 4. Ndani ya naitrojeni kimiminika kinabeba zaidi ya ampea 100. Ukipitisha mkondo huo kwenye waya wa shaba wa ukubwa uleule, hewani, utayeyuka ukitazama.

Sasa nifike kwenye ile sababu ya pili ya kuelea. Uga wa sumaku ukiwa mkali hauzuiliki wote nje ya kuprati. Hupenya kwa nyuzi nyembamba, kila uzi umezungukwa na kimbunga kidogo cha mkondo. Nyuzi hizo zikisogea, zinaleta ukinzani. Zikinaswa, hakuna ukinzani. Na zinanaswa na nini? Na kasoro: shimo, punje ngeni, mpangilio uliovurugika. Kisumaku changu kinaelea na pia kimekamatwa pale kilipo. Ndiyo maana nikikisukuma kidogo kinarudi mahali pake. Watengenezaji wa tepe leo wanatia kasoro makusudi, chembe ndogo mno za oksidi nyingine zilizotawanywa ndani ya kuprati, ili nyuzi za sumaku zipate pa kunaswa. Baada ya miaka ishirini ya kuhangaikia usafi na gwaride, hatua ya mwisho ilikuwa kuichafua kwa kipimo.

Na hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, maana kila nikizungumzia jambo hili naulizwa lini tutapata supakondakta ya joto la chumbani. Ni swali halali. Mwaka 2023 mtandao ulichemka kwa madai ya kitu chenye risasi na shaba, na ndani ya wiki chache maabara nyingi zikaonyesha hakikuwa supakondakta. Kuna misombo ya hidrojeni inayopita kelvini 200, lakini kwa mgandamizo wa zaidi ya mara milioni moja ule wa hewa; huwezi kuitengenezea waya. Sisemi tusitafute. Nasema kwamba rekodi ya halijoto ni nusu ya hadithi, na pengine si ile nusu kubwa. Niobiamu na titaniamu, yenye kelvini 9 tu, ndiyo iliyomo katika mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili hospitalini na katika sumaku kubwa za CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, kwa kuwa inakubali kuvutwa kama waya na imezoeleka. Ukoo wa kuprati, wenye halijoto mara kumi na zaidi, umekuja kupata heshima yake mahali ambapo hapakutangazwa magazetini mwaka 1987: kwenye nguvu ya sumaku.

Nguvu hiyo hupimwa kwa tesla. Niobiamu na titaniamu hufika tesla 10 hivi, basi. Niobiamu na bati hukaribia 20 na kuzidi kidogo. Utepe wa kuprati, ukipoozwa sio kwa naitrojeni bali hadi kelvini 20 au 4, unaendelea kubeba mkondo kwenye uga ambao hizo nyingine zimeshakata tamaa. Desemba 2017 maabara ya Tallahassee, Florida, ilifika tesla 32 kwa sumaku iliyojengwa kwa supakondakta peke yake, kuprati ikiwa kwenye kiini cha ndani. Septemba 2021 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems waliwasha koili kubwa, yenye urefu wa mtu na zaidi, iliyosukwa kwa kilomita 267 za utepe, ikafika tesla 20. Lengo lao ni kuunganisha viini vya atomi kama jua linavyofanya, ndani ya chumba cha sumaku chenye umbo la andazi lenye tundu. Katika mashine za namna hiyo, nguvu inayopatikana kwa kila ujazo hukua kwa kipeo cha nne cha uga. Uga ukiwa mara mbili, nguvu ni mara kumi na sita. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa ndogo zaidi. Kama mashine yenyewe itazalisha umeme wa kuuza, hilo siliwekei dau. Koili ile lakini ilishafanya kazi.

CERN nako, nyuma ya zile sumaku za niobiamu, kuna kuprati za bismathi zisizotajwa na mtu: zinapokea mkondo kutoka upande wa joto na kuupeleka upande wa baridi bila kupitisha joto jingi. Kazi ya bawabu. Na Essen, Ujerumani, mwaka 2014 ulianza kutumika kebo wa kuprati wa kilomita moja uliolazwa chini ya mji, ukibeba kwa volti 10,000 nguvu ambayo kwa kebo wa shaba ilihitaji volti 110,000.

Nikeli nayo imerudi. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitengeneza utando mwembamba wa oksidi ya nikeli ulio supakondakta, na mwaka 2023 watafiti wa China wakaona oksidi nyingine ya nikeli na lanthanamu ikifika karibu kelvini 80 chini ya mgandamizo mkubwa. Nikeli na lanthanamu, vitu vilevile ambavyo Bednorz na Müller walivichoma kwa miaka miwili wakapata patupu. Müller alifariki Januari 2023, akiwa na miaka 95, miezi michache kabla ya habari hiyo. Wa kwanza ninayetamani kumsikia akiizungumzia ni yeye.

Naona wa mbele mnaacha kunitazama mimi. Kisumaku kimeegemea upande. Mwanangu, mtungi umeisha? Umeisha. Basi si kosa lako, ni langu, nimeongea mno. Kitazameni vizuri sasa... Kimeshuka. Kigae kimevuka kelvini 93, kimerudi kuwa kigae. Msikiguse bado, kitawababua vidole kwa baridi. Mwenye kipande cha utepe tafadhali akirudishe mezani, kisha nitapokea maswali, tuanze na dada wa safu ya tatu aliyenyoosha mkono tangu niliposema itabiamu.